Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Maji: Nitrati Haiishi kwa Kuhamishwa

Kwenu waheshimiwa mawaziri wa maji, wakurugenzi wa mamlaka za maji, na wahandisi mnaotia saini miradi,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni fundi wa maabara ya maji. Kazi yangu ni kupima: nachukua sampuli, natia dawa, nasubiri, nasoma rangi, naandika namba. Namba iliyonikosesha usingizi kuliko zote ni ya nitrati, kemikali ya naitrojeni na oksijeni inayoyeyuka majini. Nimeiandika katika ripoti nyingi za ndani ambazo zilisomwa, zikagongwa mhuri na kufungiwa kabatini. Leo naiandika mbele ya watu.

Nianze na kisa kimoja. Katika mtambo mmoja niliowahi kufanyia kazi, nitrati ya kisima chetu kikubwa ilipanda hadi ikavuka kikomo. Amri ikaja: changanyeni na maji ya kisima cha pili. Tukachanganya, namba ikashuka, tukapongezwa. Baadaye kisima cha pili nacho kikaanza kupanda, maana vyote viwili vilikuwa vikinywa kutoka hazina moja chini ya ardhi. Ikanunuliwa mashine ya kubadilishana ioni, yale matangi yaliyojaa punje ndogo za plastiki zinazonasa nitrati na kuachia kloridi mahali pake. Ilifanya kazi vizuri, sikatai. Lakini punje hizo zikishiba lazima zioshwe kwa maji ya chumvi, na maji hayo huondoka na nitrati yote iliyonaswa.

Siku moja nikalifuata bomba la maji hayo kwa miguu mpaka mwisho wake. Lilikuwa likimwaga kwenye mfereji unaorudi mtoni. Nikachovya karatasi ya kupimia. Ikawa ya waridi, ikakolea, ikaiva mpaka ikapita rangi ya mwisho kabisa kwenye chati. Nilisimama pale nikiitazama. Kila gramu tuliyojisifu kuwa tumeitoa ilikuwa mbele yangu, iko safarini kuelekea kwa watu wa chini ya mto.

Tangu siku hiyo nina neno moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Karibu kila njia tunayoitegemea inaihamisha nitrati tu. Kuchanganya maji kunaitawanya. Utando wa kuchuja kwa shinikizo unaisukumia upande mmoja na kuiacha huko ikiwa kali zaidi. Punje zinainasa kisha zinaitema. Bakteria ndio wanaoivunja ikaisha, nao hawajapewa nafasi wanayostahili katika mipango yenu.

Najua mezani penu kuna mafuriko, ukame, mabomba yanayovuja na madeni. Nitrati ni rahisi kuisahau kwa sababu haipigi kelele. Haina rangi, haina harufu, na kwa viwango tunavyokutana navyo haina ladha. Glasi ya maji yenye nitrati nyingi inang'aa kama glasi nyingine yoyote. Udongo wa mfinyanzi nao hauizuii: chembe zake zina chaji hasi na nitrati ina chaji hasi, kwa hiyo zinasukumana, na mvua inaishusha nitrati moja kwa moja hadi kwenye maji ya ardhini.

Kuna jambo jingine ambalo natamani kila zahanati ingelibandika ukutani: kuchemsha hakusaidii. Ukichemsha maji, vijidudu vinakufa, lakini nitrati haigeuki mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Ukichemsha mpaka yakabaki nusu, nitrati katika kila kikombe imekuwa maradufu. Mama anayechemsha kwa muda mrefu maji ya kukorogea maziwa ya mtoto, akiamini anamkinga, anaweza kuwa anamwongezea.

Mwaka 1945 daktari mmoja wa jimbo la Iowa, Marekani, aitwaye Hunter Comly, aliandika kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya buluu baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vyenye nitrati nyingi. Tumboni mwa mtoto, bakteria hugeuza nitrati kuwa nitriti. Nitriti ikiingia kwenye damu huibadili himoglobini isiweze tena kubeba oksijeni sawasawa. Midomo na kucha zinaanza kubadilika rangi. Mtoto wa chini ya miezi 6 ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu mwili wake bado haujawa na uwezo wa kutosha wa kuirudisha himoglobini katika hali yake. Hapo ndipo ulipotoka msingi wa kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 50 za nitrati kwa lita. Na kwa watu wazima, utafiti uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2018, uliofuatilia watu wazima milioni 2.7, uliona uhusiano kati ya nitrati ya maji ya kunywa na saratani ya utumbo mpana na puru, hata katika viwango vilivyo chini sana ya kikomo hicho. Utafiti wa aina hiyo hautoshi kumaliza mjadala wa chanzo na matokeo. Kwangu unatosha kunifanya nisiridhike na kisima kinachosoma 49.

Hapa naomba niseme kitu kuhusu vipimo vyenyewe, kwa sababu nimeona mkutano mzima ukipotea kwa ajili yake. Wengine huandika nitrati nzima, wengine huandika naitrojeni iliyomo ndani yake tu. Marekani kikomo ni 10, lakini ni 10 ya naitrojeni, ambayo ni sawa na nitrati 44 hivi. Kile kikomo cha 50, kikiandikwa kwa naitrojeni, ni 11.3. Mkiletewa ripoti inayosema "11", ulizeni kwanza: 11 ya nini? Jibu linaweza kuwa maji salama kabisa au maji yaliyofika ukingoni.

Nitrati hii inatoka wapi, mnajua. Mwaka 1909 Fritz Haber alionyesha namna ya kuilazimisha naitrojeni ya hewani iungane na haidrojeni ikawa amonia, na mwaka 1913 Carl Bosch na wenzake wakawasha kiwanda cha kwanza kule Oppau, Ujerumani. Mbolea ya viwandani imelisha mabilioni ya watu, na mimi si adui wa mbolea. Lakini mmea hauli yote unayowekewa. Inayobaki hugeuzwa na bakteria wa udongo kuwa nitrati, ikaungana na ile ya samadi na ya mashimo ya vyoo, zote zikateremka pamoja. Na safari ya chini ya ardhi ni ndefu. Kuna mahali ambapo maji yanayochotwa leo yalianza kushuka miongo kadhaa iliyopita. Maana yake, hata mkulima akipunguza mbolea asubuhi hii, kisima kinaweza kuendelea kupanda mpaka tuliomo maofisini sasa tuwe tumestaafu. Ndiyo sababu kuzuia peke yake hakutoshi, na ndiyo sababu nawaomba mwaangalie upya viumbe wadogo ambao dunia imekuwa ikiwatumia kabla hatujazaliwa.

Wataalamu wawili wa Ufaransa, Ulysse Gayon na Gabriel Dupetit, ndio waliochunguza bakteria hao kwa makini katika miaka ya 1880. Siri yao ni ya kupumua. Bakteria hawa hupumua oksijeni kama sisi inapokuwepo. Ikiisha, hawafi, wanageukia nitrati na kuitumia mahali pa oksijeni. Nitrati inakuwa nitriti, nitriti inakuwa oksidi ya nitriki, hiyo inakuwa oksidi ya naitrasi, na mwisho inatoka naitrojeni tupu, gesi ileile inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Viputo vinapanda, vinapasuka juu ya maji, habari imekwisha. Hakuna tangi la chumvi la kwenda kumwaga mahali.

Nimejenga kitu hiki mezani kwangu, kwa mikono yangu. Mrija wa kioo, umejazwa vibanzi vya mbao, maji yanaingia chini na kutokea juu polepole. Sikununua bakteria. Niliweka konzi moja ya tope la mfereji, basi. Siku za kwanza maji yalitoka ya kahawia, yenye harufu ya mbao zilizolowa, na karatasi ya kupimia haikuonyesha mabadiliko ya maana. Halafu vibanzi vikaanza kuvaa ute, utelezi ule unaouhisi ukigusa jiwe la mtoni. Huo ute ndio mji wao. Kisha nikaona viputo vidogo kama vichwa vya pini vimeshikilia kioo kwa ndani. Nikikigonga kioo kwa ukucha vinaachia vyote kwa mara moja na kupanda. Nikachovya karatasi mbili, moja kwenye maji yanayoingia na nyingine kwenye yanayotoka. Ya kwanza ikaiva waridi. Ya pili ilibaki karibu nyeupe. Nimepima maji maisha yangu yote ya kazi, na bado nilimwita mwenzangu aje aone.

Wanachohitaji si siri. Wanahitaji mahali pasipo na oksijeni, chakula chenye kaboni, muda wa kukaa na maji, na joto la wastani. Kati ya hivyo, chakula ndicho kinachosahaulika zaidi kwenye bajeti. Maji ya kisima kwa kawaida hayana kaboni ya kutosha, kwa hiyo lazima uwapelekee: methanoli, ethanoli, au asidi ya siki. Hesabu inayotumiwa siku zote ni kwamba miligramu 1 ya naitrojeni ya nitrati huhitaji takriban miligramu 2.5 za methanoli. Ukiwapunguzia, wanaacha kazi njiani. Ukizidisha, chakula kinachobaki kinatoka na maji na kuwalisha wadudu wengine kwenye mabomba. Wako pia wanaokula vitu vingine kabisa: Thiobacillus denitrificans hutumia salfa badala ya kaboni, na wengine hutumia gesi ya haidrojeni. Hao wanafaa pale mnapoogopa kuweka kilevi chochote kwenye maji ya watu.

Najua pingamizi litakalokuja kwanza, nimelisikia kwenye vikao: "Sisi tunatumia klorini kuua bakteria, wewe unataka tuwaingize?" Pingamizi hilo ni la haki na lina jibu. Mwaka 1829 James Simpson alijenga machujio ya mchanga kwa ajili ya kampuni ya maji ya Chelsea, London, na kinachosafisha maji katika machujio ya polepole ya aina hiyo ni ule utando hai unaoota juu ya mchanga. Watu wamekunywa maji yaliyopita katikati ya viumbe hai kwa karibu miaka 200. Mitambo ya kuondoa nitrati kwa bakteria katika maji ya kunywa imekuwepo Ufaransa na Ujerumani tangu miaka ya 1980. Maji yakitoka kwa bakteria hayaendi moja kwa moja bombani. Yanarudishiwa hewa, yanachujwa, yanapitishwa kwenye mkaa maalumu inapobidi, halafu ndipo yanauliwa vijidudu kama kawaida. Klorini inabaki na kazi yake mwishoni.

Na kwenye maji taka ndiyo kabisa, hili si jambo geni. Katika miaka ya 1970 mhandisi wa Afrika Kusini, James Barnard, aliboresha mpangilio ambao leo unafuatwa na mitambo mingi duniani: maji yaliyokwisha kupigwa hewa na kujaa nitrati yanarudishwa mwanzoni, kwenye tangi lisilo na hewa, yakutane na maji taka mapya. Uchafu wa yale mapya ndio unaowalisha bakteria, kwa hiyo hununui methanoli nyingi. Tena kuna akiba: bakteria wanaopumua nitrati wanaula uchafu ambao vinginevyo ungeusukumia hewa kwa umeme. Kila gramu ya naitrojeni ya nitrati inayoondolewa hivyo inaokoa gramu 2.86 za oksijeni. Mkurugenzi anayelalamikia bili ya umeme ya vipulizia hewa na hana tangi hilo, nadhani analipa mara mbili.

Kuna jamaa zao wa ajabu pia, bakteria wa anamoksi. Engelbert Broda wa Austria alisema mwaka 1977, kwa hesabu za nishati tu, kwamba lazima wawepo. Wakaonekana kwenye mtambo wa majaribio kule Delft, Uholanzi, na mwaka 2002 mtambo wa kwanza mkubwa ukaanza kazi Rotterdam. Hawa wanaunganisha amonia na nitriti zikawa gesi ya naitrojeni bila kuhitaji kaboni, hivyo wanakata njia kabla nitrati haijazaliwa. Wanafaa kwa maji taka yenye amonia kali. Ila wanaongezeka polepole mno, hujigawa mara moja kwa siku 11 hivi, na meneja asiye na subira atawaua kwa pupa.

Lakini mahali ambapo moyo wangu uko hasa ni ukingoni mwa shamba, kabla nitrati haijafika kwetu. Will Robertson na John Cherry nchini Kanada, na Louis Schipper na wenzake New Zealand, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba unaweza kuzika mbao zilizosagwa au unga wa mbao katika njia ya maji na bakteria wakafanya kazi hapo miaka na miaka. Leo inachimbwa handaki mwishoni mwa bomba linalotoa maji shambani, linajazwa vibanzi, linafunikwa udongo, majani yanaota juu. Mtu anaweza kupita asijue kuna kitu. Huko Iowa, wataalamu wa ugani hukadiria kuwa handaki la namna hii huondoa kati ya asilimia 15 na 60 ya nitrati inayopita kwa mwaka. Upana wa makadirio hayo hautokani na uzembe. Maji yakija kwa kasi baada ya mvua kubwa, mengi hupita pembeni bila kukaa na bakteria. Maji yakiwa ya baridi kali, bakteria wanazubaa. Vibanzi hudumu miaka kumi hivi, wakati mwingine zaidi, kisha vinabadilishwa. Hakuna pampu, hakuna umeme, hakuna mtu wa zamu ya usiku.

Iowa hiyohiyo inatufundisha gharama ya kusubiri. Jiji la Des Moines linachota maji kwenye mito inayopita katikati ya mashamba makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilijenga mtambo wa kubadilishana ioni ulio miongoni mwa mikubwa duniani. Mwaka 2015 mamlaka yake ya maji ikazishtaki wilaya za mifereji, yaani vyombo vinavyosimamia mifereji ya kutoa maji mashambani, za kaunti tatu za juu ya mto, na mwaka 2017 kesi ikatupwa. Majira ya joto ya 2025, nitrati ikiwa juu mitoni na mtambo ule ukiwepo, wakazi walipigwa marufuku kumwagilia nyasi za nyumba zao ili maji safi yatoshe. Miaka zaidi ya 30 ya kupokea mzigo mlangoni, na mzigo bado unakuja. Mbele zaidi, mto Mississippi unaubeba hadi Ghuba ya Meksiko, ambako mwani huchanua, hufa, huoza na kumaliza oksijeni. Mwaka 2017 eneo la bahari lililokosa oksijeni hapo lilifika kilomita za mraba zaidi ya 22,000.

Sitawauzia bakteria kama malaika. Kazi yao ikikatizwa katikati, madhara yake ni makubwa. Katika kituo kimoja nilichowahi kukitembelea, waliamua kubana matumizi kwa kupunguza dozi ya kaboni mwishoni mwa juma, kwa kuwa "hakuna mtu ofisini". Jumatatu tukapima: nitrati imeshuka, watu wanashangilia, lakini nitriti imejaa, na nitriti ndiyo inayogusa damu moja kwa moja. Kikomo chake ni miligramu 3 tu kwa lita. Yeyote anayepima nitrati bila kupima nitriti katika mtambo wa bakteria, hajapima. Hatua nyingine inayoweza kukwama ni ile ya oksidi ya naitrasi, gesi ambayo kwa miaka 100 hupasha joto dunia mara 273 zaidi ya kaboni dioksidi kwa uzito uleule. Inatoroka zaidi pale chakula kinapopungua, oksijeni inapoingia kwa bahati mbaya, au maji yanapokuwa na asidi. Na handaki ambalo maji yamelala ndani yake kupita kiasi huanza kunuka mayai yaliyooza, kwa sababu nitrati imekwisha na bakteria wengine wamegeukia salfati. Harufu hiyo ni taarifa: fungua mlango, maji yaende haraka zaidi.

Haya yote yana dawa, nayo ni mtu anayejua anachofanya na kupewa vifaa. Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwenu linahusu watu kabla ya saruji. Msijenge mtambo wa bakteria kisha mkamwachia kijana aliyefundishwa kufungua na kufunga vali tu. Mfundisheni kusoma viumbe hao: rangi ya ute, harufu, viputo, nitriti, oksijeni iliyoyeyuka. Mlipeni vya kutosha asiondoke baada ya mwaka mmoja, kwa maana ujuzi huu haukai kwenye kitabu cha maelekezo. Na fedha ya kaboni iwe na fungu lake lisiloguswa, kama fungu la klorini lilivyo. Hakuna anayethubutu kukata klorini siku ya Jumamosi.

Pili, msikubali tena mradi wowote wa kuondoa nitrati ambao haujasema nitrati iliyoondolewa inakwenda wapi. Swali hilo liwe kwenye fomu ya zabuni, ukurasa wa kwanza. Mzabuni akijibu "itamwagwa mtoni", "itachanganywa" au "itarudishwa ardhini", ajue ameleta nusu ya kazi. Sisemi mitambo ya ioni ipigwe marufuku. Kuna kisima kinachohitaji msaada kesho asubuhi, na punje zinaweza kufungwa kwa wiki chache wakati bakteria wanahitaji muda wa kuota. Tena yapo majaribio mengi ya kuwapitisha bakteria kwenye maji yaleyale ya chumvi wakaimaliza nitrati humo ndani, chumvi ikatumika tena. Ndoa hiyo naipenda. Ninachokataa ni kuita bomba la kwenye mfereji kuwa ni suluhisho.

Tatu, ardhioevu. Kila kinamasi mnachokikausha ili kipimwe viwanja ni mtambo wa bakteria mnaoubomoa, tena uliojengwa bure. Tope lake jeusi halina oksijeni, mizizi na majani yanayooza yanatoa kaboni, maji yanapita taratibu: kila kitu nilichokiorodhesha kiko pale. Mnaidhinisha kuondolewa kwake, halafu miaka baadaye mnatafuta mkopo wa kujenga kitu kinachofanya kazi ileile kwa saruji na pampu.

Nne, namba ziwe wazi. Matokeo ya kila kisima, kwa jina lake na tarehe yake, yabandikwe mahali ambapo mama mwenye mtoto mchanga anaweza kuyaona, na yaeleze kwa lugha yake kwamba kuchemsha hakutoi nitrati. Nafahamu hofu ya kuzua taharuki. Lakini funika kombe mwanaharamu apite haifai kwenye maji. Watu wameyanywa tayari. Wakijua, wanaweza kutumia maji mengine kwa ajili ya mtoto hadi mtambo ukamilike. Wasipojua, wanachemsha.

Na wakulima wasifanywe maadui wala wasipewe ruhusa ya bure. Naona hatari mtu akisema, "Kuna handaki la vibanzi pale chini, basi naweza kumwaga mbolea nitakavyo." Handaki lina uwezo wake, ukilizidishia linapitisha. Umoja wa Ulaya ulitunga maagizo yake ya nitrati tangu mwaka 1991, yakitaka samadi isitandazwe kipindi ambacho mmea hauli na maeneo yaliyo hatarini yatajwe wazi, na bado visima vingi huko havijapona. Sheria ya shambani na bakteria wa ukingoni viende pamoja, na mkulima anayetoa kipande cha ardhi yake kwa handaki alipwe, kwa sababu anayefaidika ni mnywaji wa mbali.

Sijaomba mtambo wa kifahari. Naomba muanze na kisima kimoja kibaya na mfereji mmoja mbaya, mvipe miaka mitatu ya kupimwa kila wiki, nitrati, nitriti na gesi, na muahidi sasa, kabla ya matokeo, kwamba yatatangazwa hata yakiwa ya aibu.

Mrija wangu wa kioo bado unafanya kazi mezani. Niliubadilishia vibanzi mara moja tu. Njooni, waheshimiwa, na chupa ya maji ya kisima mnachokitilia shaka. Tutachovya karatasi ya kwanza mbele yenu, tutayamimina maji, kisha tutakaa kusubiri. Maji yanapita polepole, itabidi mughairi mkutano mmoja. Karatasi ya pili nitawapa muichovye wenyewe.

Wenu katika utumishi,

Fundi wa maabara ya maji